Butembo: Esuiglasi ya nyuma si pambo, wanaoing'oa waache

Butembo – Mvua imerudi, na matope nayo. Kwenye barabara za mitaani, gari iliyooshwa asubuhi inafika saa sita mchana ikiwa nyekundu mpaka kwenye vioo. Hata hivyo, kuna mtindo ambao haujakatika hata wakati huu: wenye magari wanakwenda kwa fundi ili awang'olee esuiglasi ya nyuma, ule mkono mdogo unaopangusa kioo cha nyuma. Wanasema unaharibu sura ya gari. Wanataka nyuma iwe laini.

Kazi yenyewe haichukui muda. Fundi anainua kikofia cha plastiki, anafungua nati moja, anavuta mkono, basi. Anayetaka kazi safi zaidi anaomba na mota iliyo ndani ya mlango wa nyuma itolewe, tundu lizibwe kwa mpira au kwa mastiki, kisha lipigwe rangi. Jioni gari inatoka inang'aa, na vijana wanaipiga picha. Mwenye kulipia urembo huo hayumo kwenye picha. Yuko nyuma ya gari.

Na nyuma ya gari mjini Butembo kuna nani? Kila mkaaji anajua. Kwenye parkingi za magari yanayoelekea Beni, Kasindi au Lubero, nyuma ya gari kuna mama mwenye beseni la maharagwe kichwani, kuna motari anayetafuta abiria, kuna kijana anayesukuma chukudu yenye magunia, kuna mtoto anayeuza maji na karanga. Njia ya watu wa miguu haipo, au ipo na imejaa meza za biashara. Watu na magari wanagawana udongo uleule.

Tena kuna mahali pengine ambapo hapazungumzwi sana, napo ni ndani ya parsele. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi za kusini mwa Lubero zilipanda kuja huku kaskazini. Wengine walikuja kutoka upande wa Beni na Mambasa, wakikimbia mashambulizi ya ADF. Walio wengi hawakuingia kambini. Walipokelewa na ndugu, na marafiki, na watu wa kanisa moja. Parsele iliyokuwa ya familia moja leo inaweza kulaza tatu. Na kama mwenye parsele ana gari, gari hiyo inalala palepale wanapocheza watoto, wanapooshea vyombo, wanapoanika nguo.

Asubuhi mapema mama mkimbizi anatoka kutafuta kibarua. Wadogo anawaachia mkubwa wao, naye mkubwa mwenyewe ana miaka minane au tisa. Saa ileile mwenye gari anaamka, anawasha moto, anarudi nyuma kutoka kwenye parsele. Usiku mvua imenyesha, kioo cha nyuma kimejaa matone na tope la jana. Mtoto aliyekulia kijijini, ambako gari ilipita mara moja kwa siku, hajui kwamba zile taa nyeupe zikiwaka maana yake gari inamjia. Ni kwa ajili ya dakika hiyo moja waliotengeneza gari waliweka ule mkono ambao leo unaitwa uchafu.

Wenye kuing'oa wana sababu zao, na inafaa zijibiwe moja moja.

Ya kwanza inasema: mbona magari mengine yametoka kiwandani bila esuiglasi ya nyuma? Ni kweli. Lakini ni magari gani hayo? Kwa kawaida ni yale yenye sanduku la mizigo lililojitokeza nyuma, ambayo kioo chake kinalala. Gari ya namna hiyo ikikimbia, hewa inateremka juu ya kioo na kukifagia, nacho kiko mbali na matope ya matairi. Noah, Probox, Ist, RAV4 na nyingine zinazofanana nazo, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, hazina umbo hilo. Nyuma yake imesimama kama ukuta. Zikikimbia, hewa inayopita juu na ubavuni haiwezi kukunja kona kali namna ile. Inakatika, nyuma ya gari panabaki pengo, na pengo hilo linavuta hewa ya chini na kuizungusha juu. Hewa hiyo ndiyo inayobeba maji na vumbi la matairi na kuvipaka kwenye kioo. Ndiyo maana gari ya namna hii ikitoka Beni mpaka Butembo, kilomita zaidi ya 50, kioo cha mbele kinaweza kuwa safi huku cha nyuma hakipitishi hata mwanga. Kwa hiyo anayefananisha magari haya mawili anafananisha paa la nyumba na ukuta wake. Maji hayafanyi kazi sawa juu ya vyote viwili.

Sababu ya pili inasema: vioo vya pembeni vinatosha. Vioo vya pembeni vinaonyesha ubavu wa gari na kile kilicho mbali nyuma. Katikati, nyuma kabisa ya mlango, havioni. Tena hapa kwetu kuna jambo la ziada. Magari mengi yanatoka Japani, yanashuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, yanapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Usukani wake uko kuume, kwa sababu huko kote yalikopita watu wanaendesha kwa upande wa kushoto. Kongo tunaendesha kwa upande wa kuume. Shofa wa gari hizo tayari anakaa upande wa mtaro, na akitaka kumpita mwenzake anategemea jicho la konvoyeri au la abiria. Mtu ambaye tayari amepunguziwa kuona upande mmoja, kwa nini ajitie giza mwenyewe upande mwingine?

Sababu ya tatu ni ya kamera. Ni kweli, baadhi ya magari kutoka Japani yana kamera nyuma. Lakini jicho la kamera ni dogo kuliko franka ya chuma ya zamani, na tone moja la tope linalifunika lote. Esuiglasi haifiki pale. Barabara inayochafua kioo inachafua kamera kwanza. Gari yenye kamera inahitaji vyote viwili, na kitambaa cha kupangusia.

Sababu ya nne ndiyo yenye ukweli zaidi, na haifai kuifichaficha. Wanasema: gari ya kazi inajaa magunia mpaka kwenye paa, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, esuiglasi inapangusa kwa ajili ya nani? Wengine wamebandika karatasi nyeusi kioo kizima, au jina la Mungu kwa herufi kubwa kutoka pembe hii mpaka ile. Hapo ni kweli, mkono haumsaidii mtu. Lakini kosa la pili halifuti kosa la kwanza. Magunia yanashushwa jioni, na kesho asubuhi gari inarudi nyuma tupu kwenye parsele. Jina la Mungu linaweza kuandikwa juu ya kioo, au chini yake kwenye bati, na Mungu atalisoma tu.

Tena wanaongeza kwamba hata kioo kikiwa safi, mtoto mdogo aliyesimama karibu kabisa na gari haonekani, kwa sababu kioo kiko juu kuliko kichwa chake. Hilo nalo ni kweli. Kioo safi hakimwonyeshi mtoto aliyekwisha fika kwenye bampa. Kinamwonyesha akiwa bado hatua tano au sita, akikimbia kufuata mpira. Shofa aliyemwona anakuja atangoja. Shofa asiyeona kitu ataondoka. Ndiyo maana esuiglasi haimwondolei konvoyeri kazi ya kushuka kuangalia, wala kushuka kwa konvoyeri hakuondoi haja ya esuiglasi. Gari za nyumbani, tena, hazina konvoyeri.

Sababu ya tano ni ya pesa: mpira umekauka, unakwaruza kioo, mota imekufa, au wezi wameondoka na mkono, basi afadhali kutoa vyote. Jua letu linaua mpira haraka, hasa wa gari inayolala nje. Lakini mpira ukikauka unabadilishwa mpira, hautupwi mkono mzima. Ni kipande cha bei ndogo kuliko rangi na mastiki vinavyotumika kuficha tundu. Kuna hata mashofa wanaokata mpira wa esuiglasi ya mbele iliyochakaa, wakachukua sehemu iliyo nzima bado na kuivalisha mkono mdogo wa nyuma. Umaskini haujawahi kumlazimisha mtu kulipia kizibo cha mtindo.

Na kizibo chenyewe kina hasara yake, ambayo mwenye gari anaiona akiwa amechelewa. Tundu la mhimili lilitengenezwa na mpira wake wa kuzuia maji. Mastiki ya mtaani inakaa msimu mmoja, kisha jua linaipasua. Maji yanaingia ndani ya mlango wa nyuma polepole, yanakaa chini, bati linaoza kutoka ndani. Nyaya zilizokatwa bila kufungwa vizuri zinagusana, na fyuzi inaungua pamoja na vitu vingine vilivyo kwenye njia hiyohiyo ya umeme. Gari iliyotakiwa kuwa laini inaanza kuvimba rangi chini ya kioo.

Kuna pia wanaosema kioo cha nyuma kina nyuzi za moto, zinatosha. Nyuzi zile zinakausha mvuke uliojikusanya kwenye kioo, na kwa baridi ya asubuhi ya Butembo zina faida yake. Hazitoi tope la nje. Tope lililopata moto linakauka na kushika zaidi.

Basi nani wa kusimamia jambo hili? Mashofa watasema polisi wa rulaji hajawahi kuwauliza esuiglasi ya nyuma. Anauliza vitambulisho vya gari, bima na karatasi ya ukaguzi, na akigusa esuiglasi ni ile ya mbele. Huenda ni hivyo. Kongo ina sheria yake ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, lakini hakuna sheria inayoweza kuandika kila nati. Kuna vitu ambavyo mtu mzima hangoji kuulizwa na polisi. Hakuna sheria inayomlazimu mama kufunika kisima cha parsele, na bado anakifunika, kwa sababu anajua watoto wa nani wanacheza pale.

Kazi ya kwanza ni ya mafundi. Fundi anayeombwa kung'oa kifaa kizima anaweza kukataa, au angalau kumwambia mteja ukweli wote kabla ya kushika ufunguo. Fundi ndiye anayejua umbo la gari na njia ya maji, na ukimya wake ndio unaowafanya vijana waamini kwamba hakuna hasara.

Kazi ya pili ni ya viongozi wa mashofa, wakiwemo wa ACCO, na ya wasimamizi wa parkingi. Gari inayobeba watu kwa malipo isitoke parkingini kama kioo cha nyuma hakionyeshi. Ndoo ya maji na kitambaa kwenye kila parkingi si mradi wa kungoja wafadhili. Na konvoyeri ashuke kila gari inaporudi nyuma, hata kama mvua inanyesha. Ndiyo kazi yake.

Kazi ya tatu ni ya wenye magari waliopokea wakimbizi nyumbani. Walifanya wema ambao wengi hawakuufanya, na wanastahili shukrani. Wema huo una sehemu moja iliyobaki: jioni waingize gari kwa kurudi nyuma, wakati watu wazima wapo na wanaweza kuwashika watoto, ili asubuhi itoke ikitazama mbele. Kwa aliyekwisha ng'oa esuiglasi, hilo ndilo la kuanza nalo leo, pamoja na kupangusa kioo kwa mkono kabla ya kuwasha moto. Kisha arudi kwa fundi, kama kifaa chake bado kipo, akirudishe.

Kwa wazazi waliokimbia vita, hasa waliotoka vijijini, kuna somo la kuwapa watoto usiku wa leo kabla hawajalala: taa nyeupe nyuma ya gari ikiwaka, ondoka, usicheze nyuma ya gari hata imezimwa, usiokote kitu chini ya gari bila kumwita mtu mzima. Mkubwa anayeachiwa wadogo aambiwe kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa pale.

Lakini mzigo usihamishiwe watoto. Hawa wametembea siku nyingi kutoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, wamepita kwenye risasi na njaa, wakafika mahali walipoambiwa pana usalama. Hakuna atakayeweza kumweleza mama mmoja wao kwamba mwanawe alifika salama mpaka Butembo, kisha akagongwa ndani ya parsele kwa sababu mtu alitaka nyuma ya gari iwe laini.