Utangulizi Usirukwe

Katika vibanda vya michezo ya video, toka mjini Arua hata Koboko kule mpakani, aghalabu mtoto hulipia muda wake. Hivyo mwenye sarafu hana subira: utangulizi ukianza tu, hubonyeza kitufe aufikie ugomvi. Aupendaye utangulizi ni yule asiye na senti, asimamaye nyuma ya benchi.

Naye ana haki. Dragon Ball Z, katuni ya Kijapani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1989, ilifunguliwa kwa wimbo wa Hironobu Kageyama. Mchezo wa Budokai wa mwaka 2002 uliunda upya picha za ufunguzi huo. Ule wa Kakarot wa mwaka 2020 ukazirudia, na sauti ya Kageyama ikiwa pale pale. Ndani yake yumo Goku, hodari wa vita, na Gohan, mwanawe mdogo.

Kisa chenyewe ni kizito kuliko wimbo. Mapema kabisa Goku hufa vitani, na Gohan hulelewa kivita na Piccolo, aliyekuwa adui wa baba yake. Mtoto wa askari aliye kazini mbali hahitaji kufasiriwa jambo hilo. Katika utangulizi, baba na mwana wangali pamoja.

Kwa hiyo baba aliye likizoni, akimkuta mwanawe akiimba Kijapani cha kubahatisha, asitangulize fimbo. Amfuate kibandani, alipe yeye, na kitufe kisiguswe hadi wimbo umalizike.