Pointi za duka: zawadi au chenji yetu wenyewe?

Nipo nyumbani Ngujini, huku milimani Upare. Juzi shangazi alirudi kutoka Moshi na makopo mawili ya siagi asiyoila. Kisa? "Yalibaki kidogo nifikishe pointi." Nikamwuliza, pointi zenyewe zinakupa shilingi ngapi? Akanitazama kama mtoto asiyejua dunia.

Mnisamehe, leo naandika kwa hasira kidogo. Pointi si zawadi. Ni fedha yako mwenyewe, unarudishiwa kiduchu, kwa kuchelewa, tena kwa thamani anayoipanga aliyeishika!

Tuwatazame majirani zetu Kenya. Safaricom walianzisha Bonga Points mwaka 2007: ukitumia shilingi 10 unapata pointi 1. Mwaka 2020, wakati wa korona, wakaruhusu watu kulipia bidhaa kwa pointi, kila moja kwa senti 30. Piga hesabu. Kununua unga wa shilingi 300 lazima uwe umeshatumia 10,000. Baadaye thamani ikashushwa hadi senti 20, na unga uleule ukadai 15,000. Mteja aliulizwa? Mwaka 2022 wakatangaza kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zitaanza kufutwa. Watu wakapiga kelele, mpango ukaahirishwa.

Na duka likifa je? Nakumatt walikuwa na kadi yao ya pointi, wakafungua tawi hadi Moshi mwaka 2011. Mwaka 2020 wadai wao walipiga kura kampuni ifilisiwe. Kadi ya duka lililofungwa ni plastiki tu.

Najua mtaniambia asilimia 3 si haba. Sawa. Kama kitu ungekinunua tu, chukua pointi zako, kuziacha ni ujinga. Ubaya unaanza pale unaponunua siagi usiyoila ili ulipwe senti.

Dukani kwetu hapa hakuna kadi, kuna daftari. Mwaka ule mama alipougua, mwenye duka alitukopesha sukari, sabuni na mafuta ya taa mpaka tulipovuna maharage. Bei yake inazidi ya Moshi, na shangazi hachoki kunikumbusha hilo. Lakini yeye ndiye aliyetuamini kwanza, na tusingelipa, hasara ingekuwa yake. Kwenye kadi mambo ni kinyume: mimi ndiye ninayemwamini mwenye duka, halafu yeye ndiye anayeitwa mkarimu.

Wanaotaka uaminifu wetu wapunguze bei leo. Kama lazima pointi ziwepo, basi thamani yake iandikwe kwa shilingi kwenye kila risiti, na isishushwe kwa zile tulizokwisha kuzipata. Hayo ni mambo ya kudai, tusiishie kunung'unika.

Nimemwomba shangazi anihesabie zake kwa shilingi. Tangu juzi bado anahesabu... Na wewe msomaji, zako ni shilingi ngapi?