Mama anaomba mafuta ya mtoto, anauziwa kotizoni

Kiangazi kikiingia Bunia, kati ya Desemba na Februari, upepo na vumbi hukausha ngozi ya kila mtu. Lakini mwenye egzema, ile wengine huita ukurutu, hujikuna usiku kucha mpaka damu. Kule Kigonze, chini ya bashi inayochoma mchana na kupitisha baridi usiku, mtoto wa namna hiyo hamwachi mama yake asinzie. Mama akipata franka kidogo anakwenda sokoni kutafuta mafuta, na hapo ndipo anapodanganywa.

Nasema kudanganywa, ndugu wasikilizaji, maana sioni neno lingine. Anaomba mafuta ya ngozi kavu ya mtoto, anapewa tyubu ya kung'arisha ngozi, au kikopo kisicho na jina ambacho muuzaji amekoroga mwenyewe. Baada ya siku tatu mwasho umepungua, ngozi imelainika, na muuzaji anasifiwa kama munganga. Kinachofanya kazi hiyo mara nyingi ni kotizoni kali. Tazameni maandishi kwenye tyubu: mkiona clobetasol au betamethasone, hayo si mafuta ya kupakaa kila siku. Dawa hiyo ina kazi yake, munganga anaweza kuiandika kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Mtoto akipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, dawa inapenya hadi ndani ya mwili na inaweza kumzuia kukua. Mkiiacha ghafla, egzema inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mama anarudi kwa muuzaji yule yule. Biashara nzuri, sivyo?

Tena si kila mwasho ni egzema. Tunapolala watu wanane kwenye mkeka mmoja, upele husambaa haraka. Upele ni vidudu vinavyochimba ngozi, hasa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Kotizoni inatuliza mwasho huku vidudu vinaendelea kuzaana, na vazelini haviui. Upele unataka dawa yake, na nyumba nzima itibiwe siku moja. Usiku mwasho ukiwa wa nyumba nzima, nendeni kituo cha afya, msiende sokoni.

Wauzaji wananijibu kwamba watu wenyewe ndio wanapenda mafuta ya kung'arisha. Mtu mzima anayetaka kujichubua, hayo ni mengine, ingawa hata huko majirani zetu Rwanda, tangu mwisho wa 2018, polisi wameingia madukani kuyakamata. Mama huyu hakuomba mtoto mweupe. Aliomba mtoto alale.

Na kinachohitajika ni vazelini ya kawaida, isiyo na harufu wala rangi. Wengine wanaidharau eti ni mafuta ya maskini. Waulizeni waganga: ngozi ya egzema haishiki maji, na vazelini inayafungia ndani. Mwogesheni mtoto kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali (ile ya unga ya kufulia iacheni kwa nguo), mpanguseni polepole bila kusugua, kisha mpakeni ngozi ingali na unyevu, mkono ukishuka kufuata vinywele. Rudieni mara mbili au tatu kwa siku, hata siku ambayo hajikuni. Choteni kwa kijiko safi. Vidole vya watu sita katika kopo moja vinaleta vijidudu, na kidonda kikianza kutoa maji au usaha, au mtoto akipata homa, ni kazi ya munganga.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia mtu akilisema kwenye mgawo. Mafuta haya yanaingia katika nguo na blanketi, na kitambaa chenye mafuta kikiguswa na moto kinawaka haraka mno. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba hatari hiyo iko hata kwa mafuta yasiyo na parafini, na kwamba kufua kunapunguza tu, hakumalizi. Wao wana nyumba za matofali. Sisi tuna bashi, mbabula ya makala mlangoni na mshumaa pembeni ya mkeka. Mtoto aliyepakwa asisogee kwenye mbabula, na blanketi lake lisianikwe juu ya moto.

Sasa nyinyi mnaogawa misaada. Kule Uingereza mtoto mwenye egzema huandikiwa gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki. Kikopo kimoja kwa familia ya watoto sita hakimtibu hata mmoja wao. Leteni makopo ya kutosha, na mtu wa kueleza haya yote kwa Kiswahili, Kilendu na Kihema, akiwa amesimama mbele ya akina mama, si karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa ukutani.

Na wakaguzi wa serikali, OCC pamoja na idara ya afya ya jimbo: tyubu hizi haziuzwi gizani. Zimepangwa mezani katika Soko Kuu, mchana kweupe, karibu na nyanya na samaki. Mnapita hapo kila siku.