Mizani ya Viongozi Wetu



Wapenzi wasomaji, hapa Kikoneni hapana swali liwashalo baraza upesi kama hili: tangu uhuru, ni rais yupi aliyekuwa bora kuliko wote, na yupi mbaya kuliko wote?

Tukisikiliza kwa makini, twaona kila mtu hupima kwa kibaba cha nyumbani kwake. Aliyekunywa maziwa ya bure shuleni, yaliyoanza mwaka 1979, humweka Daniel arap Moi mbele. Ambaye babake alikata miwa hukumbuka kuwa kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, zama za rais huyo huyo, naye humweka nyuma. Mama aliyewapeleka wanawe wote shule Januari 2003, karo ya msingi ilipoondolewa, humwombea dua Mwai Kibaki. Aliyefiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hataki hata kulisikia jina hilo. Wote wasema kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi tupime kwa kibaba cha nani? Sisi twaona tuanze na jirani aliye mnyonge kuliko sote. Wamakonde walitoka Msumbiji zama za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana papa hapa Kwale. Jomo Kenyatta alipita, Moi akapita, Kibaki akapita, nao hawakutambuliwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho hapigi kura, wala hafungui akaunti ya benki. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi. Uhuru Kenyatta akawasikiliza, na mapema mwaka 2017 wakakabidhiwa vitambulisho.

Katika hili Uhuru tumpe haki yake. Ila tusiwasahau waliotembea, kwani jema la serikali mara nyingi hubeba jasho la walioliomba. Na tujiulize nasi pia: miaka yote ile, sisi majirani tulisema nini?

Sura ya al-Maida, aya ya 8, yatuonya tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Mapenzi nayo yaweza kupotosha mizani vivyo hivyo.

Kwa hivyo, wazazi wenzetu, watoto wakiuliza nani alikuwa bora, tusiwape jina tupu. Tuwatajie tendo, mwaka wake, aliyefaidika nalo na aliyeachwa nje. Kisha tuwaulize: leo, katika mtaa wetu, ni nani asiyehesabiwa? Jibu lao litawafunza kuchagua kiongozi kuliko ubishi wetu wote wa barazani.

Wabillahi tawfiq.