Waraka kwa Walimu wa Kompyuta: Nani Ameshika Mausi?

KWA: Wanachama wote, walimu na wakufunzi wa kompyuta, Kitui na Makueni
KUTOKA: Katibu
MINT: Wanafunzi tunaowaacha nje ya maabara

Walimu wenzangu,

Waraka huu hauombi mchango wa pesa, basi usiukunje kabla hujaumaliza.

Katika mikutano yetu kuna wimbo mmoja tunaoujua sote: tumeachwa. Wimbo huo una ukweli wake. Konza, jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alilizindua Januari 2013, liko kwenye ekari 5,000 za Malili, huku kwetu Makueni, na wengi wa wanafunzi wetu hulijua kwa kuliona dirishani tu matatu ikielekea Nairobi. Leo lakini nauliza swali ambalo hatuliweki kwenye ajenda. Sisi wenyewe tunamwacha nani?

Tuanze darasani. Kompyuta ni chache, na watoto watano au sita huzunguka moja. Tazama nani ameshika mausi. Mara nyingi ni mvulana ambaye kwao kuna kipakatalishi, au mzazi wake ana simu nzuri. Msichana aliye kando yake amepewa daftari aandike hatua. Muhula ukiisha tunasema yule kijana ana kipaji, ilhali kipaji hicho tumekipanga sisi kwa viti. Halafu ni sisi hao tunaoshangaa wasichana wanapokwepa mkondo wa sayansi na teknolojia wakifika sekondari ya juu.

Klabu zetu pia zina mlango mwembamba. Tunakutana saa kumi jioni, saa ambayo msichana wa shule ya kutwa kule Tseikuru au Kathonzweni anapaswa kuwa njiani, na kiangazi kikiuma ana mtungi wa maji unaomsubiri. Hakuna aliyemfukuza, ratiba tu ndiyo iliyomwambia abaki nyumbani. Naomba klabu zihamie mapumziko ya mchana au kipindi cha michezo, na zamu ya kibodi iandikwe ukutani kwa majina, dakika kumi kila mtoto. Walio wepesi watanung'unika. Waache wanung'unike.

Klabu hizo zifundishe akili unde pia. Wapo watakaosema haifundishiki bila intaneti. Mimi nasema embe linatosha. Msimu ukiwa umechanganya, wape kundi moja la wanafunzi maembe ya Apple pekee, mabichi na mabivu, wajitungie kanuni ya kutambua lililoiva. Watakwambia ni rangi: likigeuka manjano au jekundu, liko tayari. Sasa waletee Kent, ambalo hubaki na ukijani hata likiiva. Kanuni yao italikataa embe zuri, tena kwa kujiamini kabisa. Hapo hujagusa waya wowote, na tayari umefundisha jinsi mashine inavyojifunza na jinsi inavyopotoka: ilionyeshwa aina moja ikadhani ndiyo dunia nzima. Baada ya hapo wasimulie kuhusu Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wanawake wawili Weusi waliochapisha mwaka 2018 utafiti wa programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Kwa wanaume weupe, programu zilikosea jinsia chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea karibu mara 35 katika 100. Msichana wa Ikutha akisikia hivyo hatauliza tena kama somo hili linamhusu.

Sasa lugha, na hapa niruhusuni nikae kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910. Si kweli kwamba mashine hazikijui Kikamba hata kidogo. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa kutafsiri lugha 200, na Kikamba kimo. Mwaka huohuo watafiti wa Google walitoa mkusanyo wa sauti za lugha 102, na humo pia kimo. Swali ni Kikamba cha nani. Maandishi mengi tuliyo nayo yanatokana na Biblia, na Biblia yetu imefuata lahaja ya Kimasaku. Kitui ya kusini, Kitui ya kaskazini na Mumoni kuna matamshi na maneno ambayo hayamo. Isitoshe, tukiandika kwenye simu tunaziacha ĩ na ũ kwa sababu kibodi haina, kisha tunalalamika mashine ikituvuruga. Na tusisahau wadi ya Tharaka, Mwingi Kaskazini, ambako watoto huzungumza Kitharaka nyumbani. Kwao sisi ndio Nairobi.

Kwa hiyo shule itakayopata nafasi ya kuchangia sauti au maandishi isimrekodi mwalimu wa mjini Wote peke yake. Imtafute nyanya wa Mumoni, muuza ndengu wa Mutomo, kijana wa bodaboda wa Kibwezi. Simu ya mulika mwizi haitoshi kwa kazi hiyo, lakini simu moja ya mwalimu inatosha. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Kila mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa sauti yake inaenda wapi, na akikataa, tumshukuru tuondoke.

Kuhusu wanafunzi wenye ulemavu sitaandika mengi, maana Katiba imekwisha kuandika: Kifungu cha 54 kuhusu elimu, na cha 7 kuhusu Lugha ya Ishara na Breli. Kisingizio cha gharama hakisimami. Programu ya NVDA, inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta zetu kuukuu. Shirika la inABLE limewafundisha kompyuta wanafunzi wasioona wa Thika kwa miaka mingi. Kama kuna mwanafunzi asiyeona katika shule jirani na yako, mwalike kwenye maabara muhula huu.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amletee mwakilishi wa kaunti ndogo yake karatasi moja: wangapi walihudhuria klabu, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi, na kila mtoto alishika kibodi kwa muda gani. Majina ya watoto yasiandikwe. Aliye na sifuri aandike sifuri, hatutamsoma hadharani.

Mkutano utafanyika mjini Wote. Ukumbi tuliouzoea una ngazi, kwa hiyo tumeuacha. Tutatumia darasa la chini lililo karibu na lango. Mkalimani wa Lugha ya Ishara amekubali kuja, na nauli yake imetolewa kwenye fungu la chai. Chai itakuwepo, mandazi hayatakuwepo.

Wenu,
Katibu