Neno O.K.: je, ni ndiyo?

Kati ya maneno yote ya Kiingereza hatujui hata moja lililotembea mbali kama hili dogo, O.K. Mzee asiyeweza kuhesabu mpaka tano kwa lugha hiyo alijua. Sisi wa Kongo tuliofundishwa Kifaransa tulikuwa na «d'accord» yetu, na kwa Kiswahili twasema «sawa», wala hatukuona upungufu. Hata hivyo O.K. limeingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi, na tangu simu za mkononi zilipoenea watoto wetu huliandika asubuhi na jioni. Leo twataka kulichunguza kidogo, kwa sababu lilimtia dada yetu mkubwa taabuni, naye hakuwa na kosa.

Asili yake ni mzaha. Katika mji wa Boston, huko Marekani, mnamo miaka ya 1838 na 1839, waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa herufi zake za kwanza, tena wakikosea tahajia kwa makusudi ili kuchekesha wasomaji. «All correct», maana yake «yote ni sahihi», ilipaswa kufupishwa A.C. Wao waliandika kama mtu aliyetoroka shule, «oll korrect», wakapata O.K. Neno hilo lilichapwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839. Angalieni basi: herufi zinazotangaza kwamba hakuna kosa, zenyewe zimekosewa zote mbili!

Vifupisho vingine vya mchezo ule vilikufa upesi. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aliomba kuchaguliwa tena. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita «Old Kinderhook», yaani Mzee wa Kinderhook. Wakaunda na chama chao cha O.K. Wapinzani wakazigeuza herufi hizo kuwa za kumcheka. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. Halafu ikaja telegrafu, na wapigaji wake wakalipenda kwa ufupi: mwenye kupokea habari alirudisha herufi mbili tu, na mwenzake aliye mbali akajua kwamba zimefika. Tafadhali, msomaji, shika sana jambo hili la telegrafu. Yule mpokeaji hakusema kwamba ameikubali habari, wala kwamba imempendeza. Alisema imefika.

Habari za Boston hazikujulikana vema mpaka mtaalamu Allen Walker Read alipozichapisha mwaka 1963 na 1964. Kabla yake kila mtu alikuwa na hadithi yake. Rais Woodrow Wilson aliandika «okeh», akiamini ni neno la Wachoctaw, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani. Mtaalamu mwingine, David Dalby, alilitafuta katika Kiwolofu cha Senegal, akidhani lilivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Hatufichi kwamba hadithi hiyo yatupendeza kuliko zote. Lakini gazeti la Boston lipo, lenye tarehe yake, na pendo letu si ushahidi.

Sasa tutazame matumizi. Sisi waswahili wa bara na wa pwani twaigawa kazi hiyo kwa maneno mengi. Mtoto aliyeagizwa kuchota maji huitikia «haya», na asipoitikia huhesabiwa mkaidi. Aliyeonyeshwa hesabu iliyotoka vizuri husema «sawa» au «barabara». Aliyekanyagwa mguu na kuombwa radhi hujibu «si neno». Anayeulizwa kama atauza shamba lake, huyo sharti aseme «nakubali», tena mbele ya mashahidi. Mwingereza na Mmarekani wana maneno yao mengine pia, lakini mahali pote hapo O.K. laweza kuwafaa, na zaidi ya hapo. Mwalimu akitaka kuanza somo asema O.K., yaani «haya, tuanze». Aliyeanguka na baiskeli akiulizwa kama ni O.K., aulizwa kama hakuumia. Aliyechoka kusemeshwa aitikia O.K. mara mbili kwa haraka, na maana yake ni «basi, nimesikia, niache».

Tena si sifa kubwa. Mgeni akila chakula chako na kusema ni O.K., usikimbie kumwongezea. Ametaja tu kwamba kinalika. Mwanafunzi ambaye insha yake imeitwa O.K. amepita mtihani, hakupongezwa. Na linaloshangaza kuliko yote: ukimkaribisha mtu chai naye akajibu «I'm okay», amekataa. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu huyo, katika siku zake za kwanza huko Marekani alimmiminia jirani kikombe cha pili baada ya jibu hilo, kisha cha tatu. Jirani akavinywa vyote kwa adabu.

Hayo ni ya kucheka. Yaliyompata dada yetu si ya kucheka.

Yeye na wanawe walihamia Marekani baada ya miaka mingi kambini nchini Uganda. Mjukuu wake akashikwa na homa na maumivu ya sikio, akampeleka kwa mganga peke yake, kwa kuwa vijana wote walikuwa kazini. Mkalimani hakuwapo. Mwuguzi alimwonyesha chupa ya dawa, akaeleza kwa upole na kwa kirefu, akanyosha vidole, akamaliza: «Okay?» Dada yetu akajibu: «Okay.» Lingine angejibu nini? Neno hilo ndilo pekee alilolielewa katika maelezo yale yote. Tena amelelewa kama sisi sote: mtu anayekusaidia humkatizi, wala humwambii usoni kwamba maneno yake yamekupita. Kwa dada yetu, O.K. lilikuwa heshima, kana kwamba amesema «asante, nimekusikia». Kwa mwuguzi lilikuwa ahadi: nimeelewa, nitafanya.

Dawa ilikuwa ya siku kumi. Siku ya tatu homa ilishuka, mtoto akacheza, naye bibi akaiweka chupa kabatini, kwani kwa nini kumnywesha dawa mtoto mzima? Juma halijapita, homa ikarudi kwa nguvu kuliko kwanza.

Mtoto amepona. Safari ya pili alikuwapo mwuguzi mwingine, mwanamke wa makamo, na mkalimani wa Kiswahili kwa njia ya simu. Huyo hakuuliza «okay?» hata mara moja. Alipokwisha kueleza alisema: «Mama, sasa nifundishe wewe. Ukifika nyumbani utafanyaje?» Dada yetu akaeleza: asubuhi na jioni, mpaka siku zitimie, hata akicheza. Alikosea kipimo cha kijiko, akasahihishwa, akaeleza upya. Wauguzi wa huko hufundishwa njia hiyo ya kumrudishia mgonjwa maelezo ayaseme mwenyewe, nasi tulio walimu tungefaa kuwaonea wivu. Ni mara ngapi tumefunga somo kwa kuuliza «mmeelewa?», darasa zima likaitikia «ndiyo, mwalimu», nasi tukatoka tumeridhika! Itikio lile halikuwa ndiyo. Lilikuwa ile O.K. ya telegrafu: sauti yako imefika.

Kwa hiyo hatuwalaumu Wamarekani kwa neno lao, maana ndiyo yetu nayo ina mambo yake. Msichana aulizwaye na baba zake mbele ya wageni kama amempenda mchumba, naye akainamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo «ndiyo, baba», amesema nini? Twajua nyumba ambamo jibu hilo lilikuwa adabu tu, na hakuna aliyemwuliza tena faraghani.

Kabla ya kuipeleka makala hii kuchapwa tulimwandikia mpwa wetu, tukimwomba ruhusa ya kusimulia habari za mama yake bila kumtaja jina. Alijibu kwa herufi moja: «K». Kumbe hata O nayo imeanguka njiani! Tukamwandikia mara ya pili: je, hiyo ni ndiyo, au umeona tu barua yetu? Siku mbili hakujibu. Kisha akaandika kwa Kiswahili: «Nilikuwa nimeiona tu, mjomba. Sasa nimemsomea mama yote, neno kwa neno. Amekubali, ila asema yule jirani wa chai alikunywa vikombe vinne.»