Mathee Anatengeneza Ngapi kwa Mwezi? Swali Moja la Fomu Linalomtupa Komredi wa Adungosi Bendi Mbaya

Wasee, wacha nianze na saiba. Umemaliza KCSE, umeitwa campo, uko Adungosi pale katikati ya Malaba na Busia, na umekalia kiti cha plastiki ukingoja jamaa wa saiba akujazie fomu ya ufadhili. Mathee yuko kando yako, ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vya nyumba nzima. Jamaa anabonyeza, anabonyeza, halafu bila hata kugeuka anauliza: "Mama, unatengeneza ngapi kwa mwezi?"

Kimya.

Mathee anakuangalia wewe. Wewe unaangalia skrini. Ukweli ni kwamba hakuna mtu kwenye hiyo familia amewahi kuhesabu mwezi. Kuna siku ya kuvuka mpaka na siku ya kukaa. Kuna wakati wa kuvuna na wakati wa kukopa. Lakini fomu haijui hayo, inataka namba. Basi mathee anasema kitu, jamaa anaandika, anabonyeza "tuma", na maisha yako ya miaka minne yameamuliwa hapo na sauti ya kinanda cha kompyuta.

Nataka tuongee kuhusu hiyo namba, kwa sababu tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu uzinduliwe Mei 2023, kelele imekuwa kuhusu pesa tu. Ada imepanda, mkopo umechelewa, komredi analala njaa. Zote ni kweli. Lakini kabla ya pesa kuna data. Kuna maswali mtu aliketi mahali akayaandika, na kuna majibu ambayo serikali iliamua kuyaamini.

Kumbuka ilivyokuwa zamani. Komredi aliyeitwa na serikali alikuwa analipa karo ya kama 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa mama mboga. Mfumo mpya ukasema hapana, kila mtu alipe kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Kwa karatasi, hiyo inasikika poa kabisa. Wanafunzi wakagawanywa bendi 5. Bendi ya 1 ni familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. Bendi ya 2 inafika 23,670, ya 3 inafika 70,000, ya 4 inafika 120,000, na yeyote juu ya hapo ni bendi ya 5. Familia ya bendi ya 1 ilipangiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya bendi ya 5 ikapangiwa asilimia 40. Pesa ya matumizi nayo inapungua ukipanda: 60,000 kwa mwaka chini kabisa, 40,000 juu kabisa.

Sasa rudi kwa mathee pale saiba, tupige hesabu ya mpakani. Tuseme anavuka Malaba mara mbili kwa wiki. Kila safari ananunua mali ya 4,000 upande wa Uganda, nyanya na ndizi na mayai, akirudi anaiuza 4,700. Safari 8 kwa mwezi. Ukihesabu mauzo, amepitisha 37,600 mkononi. Ukihesabu faida, ni 5,600, na bado hajalipa boda.

Ukimuuliza "unatengeneza ngapi", atakuambia ipi? Mfanyabiashara mdogo anakumbuka mauzo, kwa sababu mauzo ndiyo pesa aliyoishika. Akisema 37,600, wewe ni bendi ya 3. Akisema 5,600, wewe ni bendi ya 1. Mama ni yule yule, ndizi ni zile zile, na mvua inaingia kwa bati ile ile. Chukua kozi ya 200,000 kwa mwaka kama mfano: bendi ya 1 familia inatafuta 10,000, bendi ya 3 inatafuta 40,000, na pesa yako ya matumizi imekatwa 10,000 juu yake. Hakuna aliyedanganya hapo. Swali ndilo liliulizwa vibaya.

Na hiyo 5,995, aki hiyo namba ilinikalia kichwani hadi nikaitafuta. Shirika la takwimu, KNBS, lilipofanya utafiti wake mkubwa wa matumizi ya kaya wa 2015/16, lilichora mstari wa umaskini. Kijijini ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi. Mjini ulikuwa shilingi 5,995. Namba ni ile ile hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ni kwamba KNBS ilikuwa inaongelea mtu mzima mmoja, na fomu ya ufadhili inaongelea familia nzima! Watu wazima wanne pale Adungosi wakiishi na 3,252 kila mmoja wanafika 13,008. Kwa KNBS hao ni watu walio kwenye mstari wenyewe wa umaskini. Kwa fomu hao ni bendi ya 2. Halafu huo mstari ni wa zaidi ya miaka 8 kabla ya huyo komredi kuripoti, wakati unga haukuwa bei ya leo.

Utafiti huo huo ulisema asilimia 69.3 ya watu wa Kaunti ya Busia wanaishi kwa umaskini, wakati Kenya nzima ilikuwa asilimia 36.1. Busia ilikuwa juu kabisa kwenye hiyo orodha mbaya, ikifuata Turkana, Mandera na Samburu. Yaani kabla hujauliza mtoto wa Adungosi swali lolote, unajua tayari uwezekano mkubwa ni upi.

Lakini angalia venye KNBS walifanya kazi, maana hapa ndipo kuna somo. Hawakuuliza "unapata ngapi kwa mwezi" wakaenda zao. Waliuliza watu wamekula nini na wametumia nini. Walitembelea kaya kama 24,000, na walizunguka miezi 12 mfululizo, kwa sababu nyumba yenye wimbi ghalani baada ya kuvuna si nyumba ile utakayoikuta kabla mvua inyeshe. Ukienda Teso Kusini wakati wa mavuno utaandika watu wako sawa. Rudi baadaye kidogo uone muhogo ukiliwa asubuhi na jioni.

Na ng'ambo ya mpaka, majirani wana mbinu nyingine kali zaidi. Shirika la takwimu la Uganda, UBOS, pamoja na Benki Kuu yao, wamekuwa wakifanya utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mpakani tangu miaka ya 2000. Unajua wanafanyaje? Wanaketi pale mpakani, Busia na Malaba zikiwemo, na wanaangalia. Nani amepita, amebeba nini, kwa kichwa au kwa baiskeli, mzigo una uzito gani. Hawamsimamishi mathee wamuulize mshahara. Wanajua hana. Kwa hivyo kuna ofisi Kampala inayoelewa biashara ya mama wa Malaba kuliko fomu ya Nairobi inayomsomeshea mtoto. Hiyo ni noma.

Kutetea kidogo waliotengeneza chombo hiki: kupima uwezo wa familia si kazi rahisi popote duniani. Hakiangalii kipato peke yake, kinaangalia pia wazazi ni kina nani, idadi ya watu nyumbani, ulemavu, aina ya kozi na kama unatoka eneo lililotengwa. Na si wanafunzi pekee wanaopimwa siku hizi. SHA ilipoanza Oktoba 2024, mtu asiye na payslip naye alianza kuulizwa maswali ya nyumbani kwake ili mashine ikadirie atoe ngapi, isipungue 300. Nchi yenye watu wengi wa kibarua kuliko wa mshahara itabidi ikadirie tu. Swali ni inakadiria na nani.

Indonesia walijaribu hiki kitu kwa ukweli. Watafiti walichukua vijiji 640. Vingine wakatumia mashine ya kuhesabu mali ya nyumba, vingine wakaita wanakijiji mkutano wakawaambia wapange majirani kuanzia maskini hadi tajiri. Matokeo, yaliyochapishwa 2012: mashine ilikuwa sahihi kidogo zaidi ukipima kwa matumizi ya pesa. Lakini vijiji vilivyojipangia viliridhika zaidi, na malalamiko yakapungua. Watafiti hawakuona hata dalili kwamba wakubwa wa kijiji waliwapendelea watu wao.

Hapo mwisho mimi nilicheka kidogo. Hao watafiti hawajawahi kungoja orodha ya basari Teso. Lakini bado wazo lina maana. Adungosi kila mtu anajua nani amefiwa, nani aliuza ng'ombe juu ya karo, na nani ana lori mbili na bado anajaza fomu kama yatima. Hiyo ni data. Iko hapo mtaani, na hakuna mahali pa kuiandika.

Huu mvutano umefika hadi kortini. Agosti 2024 baada ya wanafunzi kuwaka, Rais Ruto aliunda kamati ya kuuangalia mfumo. Tarehe 20 Desemba 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema mfumo unakiuka Katiba na unabagua. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, bendi zikaendelea kuishi. Mawakili wamebishana kuhusu haki na ushirikishwaji wa umma, na ni vizuri. Mimi bado niko pale saiba na lile swali la mathee.

Sasa tuseme umepita, umeingia campo. Labda umeitwa Alupe, hapo hapo barabara ya kwenda Busia, chuo kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili 2022. Unadhani sasa data yako itakuwa poa? Ndiyo kwanza inaharibika.

Komredi wa mwaka wa nne, tuambiane ukweli. Zile dodoso 100 za mradi wako, ulijaziwa ngapi? Kuna watu waliketi kejani na kalamu tatu za rangi tofauti wakawa "wahojiwa" 60 kwa usiku mmoja. Wengine wametupa fomu ya Google kwenye grupu ya WhatsApp, "naomba dakika zenu tano wadau", wakajibiwa na wale wenye bando. Halafu kwenye ripoti inaandikwa "wanafunzi wengi wana intaneti ya kutosha". Bila shaka! Uliuliza walio kwenye intaneti.

Chuo nilichosoma mimi, sitakitaja, hukuweza kuona matokeo yako kabla ujaze fomu ya kutathmini wahadhiri. Kila swali, moja hadi tano. Sisi tulikuwa tunabonyeza nne, nne, nne hadi mwisho bila kusoma, juu tunataka kuona kama tumefeli. Mahali fulani kuna grafu inayoonyesha tulifurahia masomo kwa asilimia 80. Mimi niko ndani ya hiyo grafu.

Kile sipo ndani yake ni kitu kingine. Niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Hakuna fomu niliyoletewa. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama ni pesa, ugonjwa, au nimechoka tu. Semesta iliyofuata utafiti ukafanywa darasani na waliokuwepo darasani, na ukiuliza waliobaki kama maisha yanawezekana watakuambia yanawezekana, si ndiyo wamebaki? Yule aliyerudi nyumbani kuendesha boda kati ya Adungosi na Malaba hayuko kwenye hesabu ya wanaosota. Amepotea, na kila mmoja wetu akipotea wastani unapanda.

Kama ningepewa maswali matano ya kumuuliza komredi, nisingegusa kipato. Jana ulikula mara ngapi? Mwezi huu umelipa keja? Wiki hii umekosa masomo siku ngapi ukitafuta kibarua? Nani nyumbani aliuza nini ili ufike hapa? Na la tano ningelipeleka kwa asiyekuwepo, kwa simu: uko wapi siku hizi?

Hadi hayo yaulizwe, wewe uliye na fomu sahii fanya hivi. Kabla ya kwenda saiba, keti na mathee na kalamu mhesabu faida, toa nauli, toa deni, chukua miezi mibaya na mizuri mgawanye. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, si mauzo, na usiipunguze kuwa uongo. Ukitupwa bendi isiyo yako, kata rufaa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa isiyo sahihi kukuhusu irekebishwe. Na kabla utoke hapo, mwambie jamaa wa saiba afute zile nakala za kitambulisho cha mathee na cheti cha kifo cha mzae zilizo kwenye kompyuta yake. Simama nyuma yake hadi uone amezifuta.